Pwani Ni Pale Maji Yanapopwa

Nchi ya mwambao ina majina mawili, na kila jina limetoka katika kinywa cha mtu aliyesimama mahali pake. Jina la kwanza ni la Kiarabu, sawahil, wingi wa sahil, yaani ufuko au ukingo wa bahari. Ndilo lililozaa Mswahili na Kiswahili. Ni jina la mtu aliye chomboni: ametoka mbali, amesukumwa na kaskazi, na anachokiona mbele yake ni ukingo mrefu wa nchi. Jina la pili ni pwani. Hili halikushuka jahazini. Limetokana na kitenzi cha Kibantu, kupwa, kikatiwa kiambishi cha mahali, likawa na maana ya pale ambapo maji huondoka na nchi ikabaki wazi. Aliyelisema kwanza alikuwa amesimama kwa miguu yake juu ya mchanga, akiyatazama maji yakirudi nyuma.

Historia ya Waswahili imeandikwa zaidi kwa jicho la jina la kwanza. Imeandikwa kwa majahazi, kwa pembe za ndovu, kwa dhahabu ya Sofala, kwa misikiti ya mawe na nasaba za masultani. Si historia ya uongo, lakini ni historia iliyotazamwa kutoka baharini. Iko nyingine, iliyowekwa na watu walioshuka ufukweni maji yalipopwa, wakaokota, wakarudi kwao wakapika na kula, kisha wakatupa makombe nyuma ya nyumba. Watu hao hawakuandika, wala hakuna aliyewaandika. Makombe yao ndiyo yaliyobaki, na katika miongo hii ya karibuni yameanza kusomwa.

Si kwamba waandishi wa kale walikuwa vipofu. Yule Mgiriki asiyejulikana jina, aliyeandika katika karne ya kwanza mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, alikitaja kisiwa alichokiita Menouthias, na humo akaeleza mitumbwi, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na mitego ya kusuka inayowekwa katika milango ya maji baina ya miamba. Msomaji wa visiwani atalitambua dema mara moja. Lakini kilichomvutia mgeni yule kilikuwa kasa, kwa sababu gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa. Al-Masudi, aliyefika Qanbalu mwaka 916, alieleza pembe, ngozi za chui na ambari. Al-Idrisi, katika kitabu chake cha mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi wanaovua samaki, wakawatengeneza na kuwauza. Ibn Battuta, alipolala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, aliona kwamba chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki. Kila mmoja aliandika kilichouzwa, au kilichowekwa mbele ya mgeni. Nyama ya chaza na kome haikupakiwa kwenda Siraf wala Aden, na aghalabu si chakula ambacho mwenyeji humwandalia mgeni wa heshima. Kwa hiyo haikuingia kitabuni.

Tarikh ya Kilwa nayo inalidhihirisha jambo hili kwa njia yake. Yasimuliwa humo kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo nyingi za kutosha kukizunguka. Wakati huo Kilwa na bara zilikuwa zikiungana kila maji yalipokupwa, na mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Muuzaji alipojuta, akataka kurudi na watu wake kukitwaa kisiwa, alisubiri maji yapwe kama ilivyo desturi. Maji hayakupwa pale pa kuvukia, kwa kuwa mnunuzi alikuwa amekwisha kuuchimba mkondo. Iwe kisa hicho kilitokea hivyo au la, mwandishi wa tarikh alijua alilokuwa akilisema: dola inaanza pale njia ya maji kupwa inapofungwa. Na msomaji akilitafakari ataona kwamba tarikh yenyewe imekiri kuwako kwa watu wa njia hiyo, waliokuwa wakivuka na kurudi kabla ya nguo na kabla ya sultani. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960 alizikuta athari zao chini ya majumba ya mawe: makao ya udongo, vyungu vya kienyeji, na shanga za makombe.

*

Kiswahili kina neno moja, jaa, kwa mahali pa kutupia taka. Jirani yake kwa sauti ni kujaa, mwenzi wa kupwa. Kwa mchimbaji wa mambo ya kale maneno haya mawili yanakaribiana kwa maana pia, kwani jaa ni kupwa kulikohifadhiwa: kila tabaka la makombe ni siku ambazo maji yaliondoka, watu wakashuka. Na neno kombe lenyewe lina maana zaidi ya moja. Kombe ni gamba la mnyama wa pwani. Kombe ni chombo cha kunywea. Kombe pia ni zile aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akapewa mgonjwa anywe. Katika kombe hili la mwisho maandishi hupotea na nafuu ikabaki. Katika kombe la jaani mambo ni kinyume: chakula kimekwenda zamani, na maandishi ndiyo yaliyobaki.

Yamebaki kwa sababu ya chokaa. Gamba la chaza au la kombe ni chokaa takriban yote, na lundo lake likikaa ardhini huupunguza ukali wa udongo unaoyeyusha mifupa. Mifupa ya samaki, iliyo myembamba kama sindano, hudumu zaidi ikiwa imelala baina ya makombe. Basi jaa la makombe si ushahidi wa makombe peke yake. Ni sanduku lililowahifadhi samaki, kasa, kuku na panya wa enzi zile, na lau lisingekuwapo, historia ya chakula cha mwambao ingekuwa nyembamba zaidi kuliko ilivyo.

Kazi ya kulisoma ni ya subira. Udongo hutolewa kwa vipimo, tabaka kwa tabaka, ukachekechwa katika chekeche la matundu madogo, pengine kwa maji. Vipande hutengwa kwa jinsi. Kwa kuwa kombe lenye magamba mawili likivunjika hutoa vipande vingi, anayehesabu hahesabu vipande; huhesabu bawaba, ile sehemu nene ambapo magamba mawili hushikana, na kwa konokono huhesabu ncha. Hivyo hupata idadi ya chini kabisa ya wanyama walioliwa. Hupima urefu wa magamba, maana makombe yakizidi kuwa madogo tabaka baada ya tabaka huenda pwani ilikuwa ikiokotwa kupita kiasi. Hutazama alama za moto, na namna gamba lilivyopasuliwa. Na akitaka kujua umri kwa kaboni hana budi kuwa na hadhari, kwa kuwa maji ya bahari yana kaboni kuukuu, na kombe lililookotwa jana laweza kujidai lina umri wa takriban miaka 400. Kwa hiyo wachimbaji hupendelea kupima punje ya mtama iliyoungua, iliyolala karibu na kombe, kuliko kombe lenyewe.

*

Unguja Ukuu iko kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, katika rasi iliyo baina ya Ghuba ya Menai na mkono wa bahari uliojaa mikoko. Chittick alipachimba katika miaka ya 1960. Abdurahman Juma, mtafiti wa Zanzibar, alipachimba upya miaka ya 1980 na 1990, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2004 kiliithibitisha Unguja Ukuu kuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa ya mwambao. Baada ya mwaka 2010 lilifuata kundi la watafiti walioongozwa na Nicole Boivin, wakiwamo Alison Crowther na Mark Horton, pamoja na wenzao wa Zanzibar. Hao walichekecha kwa matundu madogo na kukusanya hata punje na makombe. Makao hayo yalianza karne ya sita au ya saba, yakastawi mpaka karne ya kumi. Mna vigae vya Uajemi na Iraki, vya Bara Hindi na vya China, na shanga za vioo. Lakini sehemu iliyo kubwa kabisa ya vyungu ni ya wenyeji, vyenye michoro ya pembetatu, jamii ile ile ya vyungu inayopatikana kuanzia mwambao hadi ndani ya bara. Nafaka ni mtama na uwele, mazao ya Afrika. Na kuna makombe kwa wingi.

Patrick Faulkner na wenzake, ambao mwaka 2018 walichapisha uchambuzi wa makombe ya Unguja Ukuu na ya Fukuchani iliyo kaskazini magharibi mwa kisiwa ikielekea Tumbatu, walikuta mambo ambayo mwanamke yeyote wa pwani angeyaeleza kwa maneno machache. Makombe yanafuata mahali. Penye mikoko na matope pana wanyama wa mikoko na matope. Penye mchanga na majani ya bahari pana wale wanaojizika mchangani. Penye miamba pana wale wanaoshikilia mwamba. Watu walichukua aina nyingi, lakini uzito wa chakula ulitoka katika aina chache zilizo karibu na zenye nyama. Na takriban zote zatoka katika ule ukanda ambao maji huufunika na kuufunua, au katika maji ya magotini nje yake. Kwa kazi hiyo hapahitajiwi chombo.

Lakini yahitajiwa elimu. Katika maji ya Unguja tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita nne, na pwani iliyo tambarare huweza kufunuka hadi karibu na mwamba wa nje. Wakati wa maji mafu hufunuka kidogo tu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokamilika, na katika siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita za mchana, na tena usiku. Basi mwokotaji wa karne ya saba alikuwa na kalenda yake kabla hajafikiwa na kalenda ya Hijra, na kalenda zote mbili zilikuwa za mwezi. Alijua siku gani za mwezi kazi ya shamba ingengoja na siku gani isingengoja. Alijua kwamba kombe lililojizika huacha alama ndogo mchangani mithili ya tundu la ufunguo, na kwamba konokono wa mikoko hukusanyika penye majani yaliyodondoka. Alijua pia kwamba maji yakianza kurudi hurudi kupitia mikondo, nyuma ya mtu kabla ya mbele yake. Elimu hii haipatikani kwa kupita na chombo msimu mmoja. Hurithiwa utotoni, kwa kumfuata mtu mzima.

Makao mengine ya umri huo yanasema hayo hayo kwa lafudhi zao. Katika kisiwa cha Juani, karibu na Mafia, uchimbaji uliofanyika penye shule ya msingi ya kisiwa ulifunua makao yaliyoanza katikati ya milenia ya kwanza, ambako samaki, kasa na makombe vilikuwa sehemu kubwa ya riziki. Kisiwa hicho ni kidogo, udongo wake ni haba, na bado watu walikikalia. Mtu hahamii kisiwa cha namna hiyo kwa kutumainia shamba peke yake. Huhamia kwa sababu anaujua ufuko, na anajua kwamba mvua ikikosekana bahari bado itapwa mara mbili kwa siku.

*

Hata hivyo makombe hayakuwa chakula tu. Tumbe, kaskazini ya Pemba, makao makubwa ya karne ya saba mpaka ya kumi, yalichimbwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher. Miongoni mwa waliyoyapata ni vigae vya vyungu vilivyovunjika vikatumiwa tena, vikiwa na mifereji mirefu iliyochimbika kwa kusuguliwa. Vigae vya namna hiyo vimepatikana Shanga, Kilwa na kwingineko, lakini Tumbe vilipatikana kwa wingi mno, vimetapakaa nyumba hadi nyumba. Ni mawe ya kusugulia shanga. Kombe lilivunjwa vipande vidogo, kila kipande kikatobolewa, vikatungwa, kisha mtungo ukasuguliwa katika mfereji wa kigae mpaka shanga zote zikalingana duara.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza, kazi hii haikukusanywa katika karakana ya mkubwa mmoja. Ilikuwa kazi ya kila nyumba, iliyofanywa kwa taka mbili za jikoni: chungu kilichovunjika na kombe lililokwisha kuliwa. La pili, ilikuwa kazi ya muda mrefu kwa pambo dogo. Kutoboa na kulinganisha shanga mia za kombe ni kazi ya siku nyingi, na mifereji iliyoingia ndani ya kigae kigumu yatosha kuwa shahidi wa mikono iliyopita hapo. Watu hawapotezi siku zao hivyo kwa kitu kisicho na thamani. Shanga hizo zilivaliwa, na bila shaka zilitolewa na kupokewa, katika wakati ambapo shanga za vioo kutoka ng'ambo zilikuwa bado haba.

Baadaye Tumbe ilihamwa. Karibu yake, katika karne ya kumi na moja, ukainuka mji wa Chwaka, si ile Chwaka ya Unguja, wenye misikiti ya mawe. Huko Chwaka vigae vya kusugulia vinatoweka karibu kabisa, na shanga za vioo zinaongezeka. Jikoni nako mambo yalibadilika: Sarah Walshaw, aliyechambua punje zilizoungua za makao haya mawili, alikuta kwamba uwele wa Tumbe ulipisha mchele wa Chwaka. Mji ulikuwa ukijifunza kula chakula cha karamu na kuvaa pambo la ng'ambo. Hapana ubaya katika hilo, na wali bado ni fahari ya sinia la mwambao. Lakini tangu hapo kombe lilishuka daraja. Lililokuwa pambo la nyumba zote likabaki kuwa kitoweo cha asiye na kitoweo. Kauri peke yake ilishika heshima, kwa kuwa ilisafiri: iliingia bara mpaka ikawa fedha, na hadi leo Mganda anapotaja fedha husema ensimbi, neno lile lile la simbi ya pwani.

*

Mwaka 2015 watafiti tisa, Fleisher, LaViolette na Horton wakiwa miongoni mwao, waliuliza swali katika makala yaliyozusha mjadala mkubwa: ni lini Waswahili walikuwa watu wa bahari? Jibu lao ni kwamba mapema, kabla ya mwaka 1000 hivi, makao ya mwambao yalikuwa kando ya bahari bila ya kuielekea bahari kwa ukamilifu. Walilima, walifua chuma, walijenga kwa miti na udongo, na samaki wao walikuwa wa karibu. Baada ya hapo ndipo uvuvi wa maji ya kina ulipozidi, matumbawe yakajengewa misikiti na majumba, na bahari ikaingia katika adabu, katika ibada na katika majivuno ya mji. Ushahidi wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, uliochimbwa na Horton tangu mwaka 1980 hadi 1988, unaliunga mkono jibu hilo: mifupa ya samaki wa tabaka za chini ni ya samaki wa miamba na majani ya bahari, waliopatikana bila ya kwenda mbali.

Hoja hiyo ni nzito, na kwa yale inayoyapima haina kasoro. Ila swali lenyewe limebeba kipimo chake. Linamtambua mtu wa bahari kwa chombo, kwa kina na kwa umbali. Ni kipimo cha sawahil. Kwa kipimo cha pwani, watu wa Unguja Ukuu, Fukuchani, Juani na Tumbe walikuwa watu wa bahari tangu siku waliyoweka chungu cha kwanza mekoni, ingawa bahari yao iliishia mwambani. Bahari ina sehemu mbili. Moja husafiriwa na nyingine hutembewa, na iliyotembewa ilikuja kwanza. Wala haikukoma pale majahazi yalipozidi, kwani hata katika miji ya mawe ya karne za baadaye makombe yangali yakionekana jaani, tabaka juu ya tabaka, yakilala pamoja na vigae vya China.

Hapa ndipo panapokuja suala la nani aliyeokota. Kombe halina jina la mwokotaji, na mchimbaji mwaminifu hatalipachika. Lakini katika visiwa vya Unguja na Pemba, na kutoka Lamu mpaka Mafia na kusini yake, wanaoonekana pwani kwa miguu maji yakipwa ni wanawake na watoto zaidi kuliko wanaume, na vyombo vya nje ya mwamba ni vya wanaume. Kazi inayofanywa karibu na nyumba, mtoto akiwa mgongoni au akitambaa mchangani, na inayokatizwa na kuendelezwa kwa amri ya maji, ilikwenda sambamba na kazi nyingine za mwanamke wa mwambao. Si dhana ya kubahatisha kusema kwamba sehemu kubwa ya makombe ya karne ya saba yalipita katika mikono ya wanawake, na kwamba vile vigae vya mifereji vilikuwa mapajani mwao.

Ushahidi wa namna nyingine kabisa ulifika mwaka 2023. Katika jarida la Nature kilichapishwa uchambuzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya mwambao na maeneo jirani, akina Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, baina ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wa waliozikwa mijini walikuwa na damu ya Afrika na ya Asia pamoja, na damu hizo zilianza kuchanganyika kuanzia mwaka 1000 hivi. Urithi upitao kwa baba ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Uajemi. Urithi upitao kwa mama tu ulikuwa karibu wote wa Afrika. Magazeti yalishika nusu ya kwanza ya habari hiyo, kwa kuwa ilionekana kuzithibitisha nasaba za Shirazi. Nusu ya pili haikupigiwa mbiu. Na nusu hiyo ndiyo inayokutana na jaa. Damu hizo zilipoanza kuchanganyika, jaa la Unguja Ukuu lilikuwa limekwisha kuwekwa kwa zaidi ya karne tatu. Wageni walioshuka wakaoa hawakuoa katika nchi tupu. Walioa katika nyumba zenye makombe uani, na watoto wao walilelewa na wanawake walioijua pwani, wakasema lugha ambayo neno lake la ufuko lilikuwa tayari limekwisha kutungwa.

Kwa miaka mingi ulibishaniwa mwanzo wa miji ya mwambao. James Kirkman na Chittick waliwaona waanzilishi wakija na vyombo. Waliofuata, kwa hoja za lugha, za vyungu na za misingi ya nyumba, waliwaona wakitoka bara. Ubishi huo uliumiza watu wengi nje ya vyuo, kwa sababu katika siasa ya karne ya ishirini ilimpasa mtu kuchagua babu mmoja na kumkana mwingine. Jaa la makombe halimkani babu yeyote. Linamrudisha bibi mahali pake.

*

Majaa haya sasa yamo hatarini. Kabla ya chekeche la matundu madogo wachimbaji wengi walitazama vigae vya ng'ambo na sarafu, na makombe yakarudishwa shimoni au yakamwagwa pembeni bila ya kuhesabiwa. Wakazi nao, bila ya kosa, walikuta katika lundo la makombe kifusi kizuri cha kujazia njia na misingi. Na bahari yenyewe, inayozidi kupanda, inazila fukwe ambamo makao ya kale yamelala. Penye mmomonyoko kingo hubomoka na kuonyesha mistari myeupe ya makombe katika udongo mweusi, kisha bamvua lijalo huuchukua mstari huo ukaenda. Kinachopotea hapo hakina nakala, kwa kuwa hakuna kitabu kilichoandika walichokula watu wa Unguja Ukuu mwaka 650.

Na wale wanaoweza kuyafasiri vizuri bado wapo. Tangu mwaka 1989, ukulima wa mwani ulipoanza Paje na Jambiani, wanawake wengi wa Unguja wameugeuza ule ukanda wa kupwa kuwa shamba la kamba na vigingi, na katika Ghuba ya Menai wako wanaofuga chaza kwa ajili ya lulu. Lakini kikapu cha kuokotea hakijatundikwa. Mwanamke wa Unguja Ukuu anayeshuka siku ya bamvua, saa nne ya asubuhi, akirudi kabla ya adhuhuri na kombe za kupika kwa nazi, anatembea juu ya mchanga ule ule, na mchimbaji akimwonyesha gamba lililotoka katika tabaka la karne ya saba atamtajia jina lake, atamwambia hukaa wapi, na atamweleza hupasuliwa vipi. Elimu hiyo imefika kwake kwa kupokezana, mkono kwa mkono, miaka elfu moja na mia tatu na zaidi. Ingefaa iandikwe pamoja na habari za masultani, naye angali akishuka.